Keki Iliyolala na Samaki

Jumanne, 22 Desemba

Vita vimetangazwa. Kaka kapiga simu asubuhi: wameona Baba anazidi kukonda, wanakuja sikukuu hii, na kama hatakula, wataondoka naye akakae kwao. Wifi akachukua simu, akaniambia kwa upole wake ule wa kuudhi kwamba kwao kuna supu kila siku. Supu!

Ni kweli Baba amekonda. Tangu tumzike Mama, mwezi wa sita, anadonoadonoa tu. Vijiko viwili, anasukuma sahani, anashukuru. Suruali anaifunga kwa kamba. Naogopa. Akiondoka nitabaki na nyumba nzima ya kufagia na hakuna wa kumsalimia.

Nikajikuta nasema Baba atakula, maana nitapika keki ya Mama ya sikukuu, ile ya maganda ya chungwa. Mama alinifundisha kila kitu. Wifi akamrudishia kaka simu. Raha iliyoje!

Mama hakunifundisha chochote. Alikuwa akinifukuza jikoni kwa mwiko.

Jumatano, 23 Desemba

Mama hakujua vipimo. Alitia mkono kwenye bakuli, akavuruga, akasema basi. Leo nami nikatia mkono, nikavuruga, nikasema basi. Bakuli halikunielewa.

Halafu oveni. Mlango haufungiki tangu zamani. Mama aliubana kwa kiti, akakikalia huku akichambua mchele mpaka keki iive. Mimi nikaubana kwa kiti, nikaenda kuoga. Keki upande mmoja mkaa, upande mwingine uji.

Ya pili nilikalia kiti kama mlinzi wa benki. Imeiva vizuri, ina rangi, ina chumvi. Nani anatia chumvi kwenye kopo la sukari? Mimi, Jumapili. Nimemlaumu fundi bomba aliyekuwa anazibua sinki. Kaondoka bila kunywa chai, na sinki bado limeziba.

Baba kachungulia, akauliza kama kuna kitu kinaungua. Nikamwambia ni kwa jirani.

Alhamisi, 24 Desemba

Keki ya tatu sitaki kuiandika. Nimewatupia kuku wa jirani. Wameizunguka, wakaenda zao.

Nimekata tamaa, nikafungua friza nitafute samaki wa jioni. Chini kabisa kuna mfuko wa samaki umefungwa kwa kitambaa chekundu, mafundo mawili. Mafundo ya Mama. Nikakumbuka: keki aliificha kwenye mfuko wa samaki, ili sisi watoto tusiiguse. Nimefungua. Nusu keki! Ya mwisho aliyopika kabla hajalazwa.

Nimekaa sakafuni nikalia, friza ikiwa wazi, mpaka barafu ikaanza kunidondokea magotini. Namtaka Mama. Sitaki kingine.

Kisha nikapata wazo.

Ijumaa, 25 Desemba

USHINDI! Nimeipasha moto, nimeinyunyizia sukari ya unga, nimeileta mezani nikiwa na unga kwenye pua. Unga wa makusudi. Wifi akanusa, akauliza mbona kama inanukia samaki kidogo. Nikamjibu hiyo ndiyo siri yenyewe.

Baba akatia kipande mdomoni. Akakimaliza harakaharaka, akaomba kingine, na kingine. Kaokota mpaka makombo! Kaka alikuwa anafuta machozi. Habari za kuondoka hazikutajwa tena. Wifi anahesabu maua ya kitambaa cha meza.

Ndipo Baba akanishika mkono mbele ya wote. Akasema kuna kipande cha keki ya Mama kwenye friza, amekiacha tangu msiba. Hakuthubutu kukila, kwa sababu kikiisha, Mama naye ameisha. Lakini kumbe mkono wake umebaki kwangu, basi haogopi tena. Kesho tukile sote, kabla kaka hajaondoka.

Nikasema vizuri sana, Baba. Nikaenda chooni, nikajifungia.

Jumamosi, 26 Desemba

Nimeamka na mpango safi. Keki ya nne, nusu yake ndani ya mfuko uleule, kitambaa kilekile, mafundo mawili. Kiti nimekikalia. Sukari nimeionja. Haikuungua! Kufika saa ya chai friza ilikuwa imeigandisha barabara. Nikajipongeza.

Baba alifungua mafundo mwenyewe, taratibu, akakikunja kile kitambaa na kukitia mfukoni mwa shati. Akala kipande kidogo. Akakitafuna muda mrefu. Akaweka uma chini, akauliza kama ya jana ndiyo iliyokuwa yenyewe.

Nikasema labda wifi aligusagusa friza. Wifi akamsogezea Baba chai.

“Ungeniambia, mwanangu,” akasema Baba. “Ningeila polepole.”

Ya jana haikuhesabiwa; wameondoka naye jioni. Begi kalibeba wifi. Kabla ya kuingia kwenye gari wifi huyo kanikumbatia, jambo ambalo sitamsamehe.

Nimekaa jikoni nikafikiri sana, na kosa nimeliona. Mdalasini ulikuwa kidogo. Tena keki Baba anaijua mno, ndiyo maana nilikamatwa. Jumamosi ijayo nitampelekea biskuti za Mama, nitamwambia nimezikuta chini kabisa kwenye friza. Mama hakuwahi kupika biskuti hata siku moja, kwa hiyo hatakuwa na cha kulinganisha.