Watu wa Tathmini Wanakuja Kitendaguro

Jumatatu, 5 Mei

Habari kubwa! Barabara ya mchepuko inakuja Kitendaguro. Mwenyekiti wetu wa mtaa, Projestus, katangaza jioni kwa kipaza sauti kinachokoroma. Ramani ina mistari miwili: wa juu unapita kwenye kibanja changu, wa chini kwa jirani yangu Gozbert. Watu wa tathmini watakuja Alhamisi, kisha itaamuliwa.

Nimemweleza mke wangu Nasma kwamba tathmini ni thamani, na thamani ni fidia. Nyumba mpya! Jiko la ndani! Nasma kasema nyumba hii aliijenga marehemu baba yangu, na yeye ataiacha kwa nyumba nyingine kamili, si kwa maneno yangu. Hana imani.

Gozbert kanyoa ndevu leo. Siku ya Jumatatu! Anajiandaa huyo.

Jumatano, 7 Mei

Kazi, kazi. Nyuma ya nyumba bomba la maji linavuja tangu Idi. Nimechimba pale, nimepanga mawe kwa mviringo, nimepandikiza matete. Tayari: chemchemi. Nimeleta vyura watatu kutoka mtaroni. Wawili wametoroka kabla ya chai. Nasma kauliza ninafanya nini. Nimemjibu naongeza thamani.

Alhamisi, 8 Mei

Tathmini ilikuja imevaa buti: Bi. Yuster, na daftari lake. Nikamkaribisha kahawa ya kutafuna. Ajabu, hakuuliza habari za nyumba wala migomba. Aliuliza kama kuna viumbe hai. Nikajua ndiyo mtindo wa siku hizi. Viumbe? Waitu, usiseme! Nikamwambia senene wote wa Bukoba wanazaliwa kwenye majani yangu. Korongo, familia mbili. Vyura wa aina isiyolia, maana yule aliyebaki alikuwa kimya. Na chemchemi tangu enzi za babu, haijakauka hata siku moja.

Alifurahi sana. Akapima mita sitini kuizunguka chemchemi. Nikamwomba apime mia. Akasema kisheria sitini zinatosha.

Kwa Gozbert nilisikiliza kupitia uzio wa milamula. Kamwambia kwake hakuna kitu, ni mikaratusi tu. Mjinga! Nimecheka hadi chai imepoa.

Jumatatu, 12 Mei

Mawe, mama yangu! Bi. Yuster ni mtu wa mazingira! Kazi yake ni kuangalia barabara isiharibu nini. Kasema mbele ya mtaa mzima kwamba ipite chini, kwa Gozbert, kwa sababu kwa Mzee Twaibu, yaani kwangu, pana hazina ya asili. Makofi. Kisha akaongeza kwamba ndani ya mita sitini kutoka chemchemi hakuna kulima wala kujenga, na nyumba iliyopo itabidi iondoke. Nyumba yangu iko mita kumi na nane. Nikauliza fidia ya chemchemi. Watu wakacheka. Nasma hakucheka. Gozbert alinipa mkono, tena yote miwili.

Jumatano, 14 Mei

Nimekiri. Nimemwita Bi. Yuster, nikafunga koki ya bomba mbele yake. Chemchemi ya babu ikakauka papo hapo. Kafuta ukurasa mzima, taratibu, mstari kwa mstari. Kasema wenzake watakuja Ijumaa kumalizia tathmini.

Sasa nimewajua. Watu hawa hawataki kusikia utajiri. Ukiwa nao, barabara inakukimbia. Wakija Ijumaa, hapa ni jangwa!

Ijumaa, 16 Mei

Baada ya swala kaja Bwana Ndalahwa, mtu mpole, fomu ndefu. Nasma alikuwa sokoni, bahati njema. Kauliza nina mibuni mingapi. Nikasema yote imekufa. Alikuwa amesimama chini ya mmoja uliojaa matunda. Nikasema hayo ni ya mwisho. Migomba? Mnyauko umeimaliza. Nyumba? Gofu, hata panya wamehama. Kaniuliza mara tatu kama nina hakika. Nikamwambia nina hakika kuliko yeye. Nimetia saini yenye mkia mrefu.

Jumanne, 20 Mei

Orodha imebandikwa ofisini kwa Projestus. Kinamasi cha kweli kimeonekana bondeni kwa Gozbert, kwa hiyo barabara inapita kwangu! Nilifurahi dakika moja. Ndalahwa ni mthamini wa mali. Yeye ndiye wa fidia! Nasma kasoma kwa sauti: nyumba, gofu, kahawa, hakuna, migomba, hakuna, kwa kauli ya mmiliki mwenyewe.

Hakupiga kelele. Kaingia ndani, kakaa kitandani, kalia. Miaka ishirini na miwili ya ndoa, sijawahi kumwona akilia. Nimeona aibu. Nyumba ya baba imekwenda kwa saini yangu, na mke wangu hana pa kwenda.

Jioni kaja Gozbert. Kasema muda wa kupinga bado upo, naye atakuwa shahidi, maana mibuni yangu anaijua mmoja mmoja. Ameijuaje? Nasma kakubali, kwa sharti moja: wakirudi kuhesabu, mimi nisiwepo Bukoba.

Ijumaa, 23 Mei

Niko Izigo, Muleba, kwa shemeji yangu Hafidha. Nasma kapiga simu mchana. Bwana Ndalahwa amerudia hesabu yote. Kahawa imefufuka, migomba imepona, nyumba ni nyumba. Fidia inatosha kujenga nyingine kamili, hukohuko Kitendaguro. Jumatatu nisaini tu. Alikuwa anacheka. Nimefurahi hadi machozi yamenitoka mbele ya shemeji.

Ila kaniambia nyumba imeandikwa vyumba vinne. Vinne! Na banda la mbuzi lenye mlango? Na stoo yenye dirisha? Ndiyo hasara ya kunifukuza. Nimempigia Bwana Ndalahwa mwenyewe. Nimemweleza ni vyumba saba, na chini kuna msingi wa ghorofa. Kanisikiliza kwa adabu sana. Kasema kama ni hivyo, fomu ya Nasma anaifuta, anaanza upya kesho asubuhi, kwa kauli ya mmiliki mwenyewe. Naondoka na gari la kwanza. Nasma sijamwambia. Atafurahi!