Ombi la Kupunguziwa Masweta ya Sikukuu

Kwako Dada Mkubwa,
Msimamizi wa Sikukuu ya Mwisho wa Mwaka,
Nyumbani kwako.

YAH: IDADI YA ZAWADI NITAKAZOFUMA MWAKA HUU

Dada yangu mpendwa,

Kichwa cha barua kinajieleza, lakini najua barua zangu husomwa kwa sauti mbele ya watu wanaoendelea kula, kwa hiyo nitaeleza taratibu. Nakuandikia kwa heshima zote za mdogo kwa mkubwa wake. Ningekuja mwenyewe, ila kila nikija kwako natoka na bonge jingine la uzi.

Unajua nilivyoingia katika kazi hii. Nilivunjika mguu, nikalazwa wiki saba, na muuguzi wa zamu ya asubuhi, aliyechoka kunisikia nikilalamika, akanipa sindano mbili za kufumia na kunifundisha. Nilitoka hospitalini na skafu moja. Ukaivaa wewe, ukaisifu mbele ya ukoo mzima. Tangu siku ile mimi si kinyozi tena, ni kiwanda.

Mwaka jana niliahidi zawadi sita, nikafuma kumi na saba. Mwaka huu nikakaa chini kama mtu mzima, nikahesabu siku zilizobaki na vidole nilivyonavyo, nikaamua: tano. Nikaandika TANO kwa sabuni kwenye kioo cha dukani ili nisijisahau. Ilikuwa Jumatatu. Kufikia Jumamosi zilikuwa kumi na nne. Malalamiko yangu ni haya:

1. Shangazi. Alikuja dukani, akakaa kwenye kiti cha kunyolea, akatangaza kwamba yeye ni mzee na hadai kitu kwa mtu. Anachoomba ni jozi moja tu ya soksi za kuzikiwa, miguu isipate baridi huko aendako. Dada, mtu anakataaje soksi za kuzikiwa? Nilikubali. Lakini naomba ieleweke kwamba hii ni jozi ya nne. Tatu za kwanza amezichakaza akilisha kuku. Nilipomkumbusha kwa adabu, alinijibu, "Kwani kupona ni kosa langu?" Wateja wawili walicheka. Mimi nilianza kufuma.

2. Shemeji, yaani mume wako. Nikimpima anavuta tumbo ndani na kuziba pumzi, huku akitazama ukutani kama askari wa gwaride. Nafuma kwa kipimo hicho cha gwaride. Siku ya sikukuu anavaa, anapumua, halafu lawama ni zangu. Naomba apimwe bila taarifa, baada ya chakula, ikiwezekana akiwa amelala.

Wakati huohuo naomba utoe tangazo kwamba kuanzia leo hadi sikukuu hakuna mtu wa ukoo huu kunenepa, kukonda wala kurefuka. Najua watoto ni wagumu kudhibiti. Mwanao wa mwisho amerefuka mikono yote miwili ndani ya wiki tatu bila kumwarifu mtu, nami nilikuwa nimeshafunga nyuzi.

3. Mwalimu mkuu. Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Alikuja asubuhi na mapema kunyolewa kabla ya mkutano wa wazazi. Nilikuwa nimemaliza upande wa kulia nilipokumbuka kwamba nimeacha sweta la mjomba katikati ya mstari. Nikamwomba dakika moja. Nikakaa, nikaanza kuhesabu vitanzi. Nilipofika arobaini na mbili akaniuliza, "Umefika wapi?" Nikamjibu, "Arobaini na mbili." Akasema, "Nilikuwa nauliza kuhusu kichwa changu." Basi hesabu ikanipotea, nikaanza upya. Kengele ya shule ikalia. Mwalimu mkuu ni mtu wa kufuata muda. Aliinuka, akavua shuka la kinyozi, akalikunja vizuri na kwenda kuhutubia wazazi mia mbili akiwa na nywele upande mmoja.

Wanafunzi sasa wanamwita Nusu Mhula. Siku hizi ananyolewa ng'ambo ya barabara, na walimu wake wote wamemfuata. Hakunitukana hata neno moja. Ingekuwa afadhali angenitukana. Akipita ananisalimia, nami naitikia nikitazama viatu vyangu.

4. Binamu yetu mshonaji anataka kuolewa mwezi ujao. Namtakia heri. Ila bwana harusi ana mama, ana bibi wawili walio hai, na ana kaka sita, wote wacheza mpira wa kikapu. Kwa desturi uliyoianzisha wewe, mkwe mpya hapokelewi mikono mitupu. Kwa hiyo naomba harusi isogezwe mbele hadi sikukuu ipite, au binamu atafutiwe mchumba mwenye ndugu wachache na wafupi. Sikutaka kukusumbua kabla ya kujaribu mwenyewe, hivyo nilimwandikia bwana harusi faraghani nikimweleza hali ilivyo. Alinijibu kwa upole mkubwa. Alisema amenielewa kabisa, na akaambatanisha vipimo vya kaka zake.

5. Kifundo cha mkono wangu wa kulia kimevimba. Daktari amesema nikipumzishe wiki sita. Aliponiona nimefurahi akauliza nafanya kazi gani, nikamweleza yote, akanisikitikia sana. Kisha akafungua simu kunionyesha picha ya mjukuu wake, mwenye kichwa kidogo tu, alisema, kofia yake haitanichukua hata siku mbili.

6. Hili la mwisho nimelifuta mara mbili. Wanasema kinyozi hajinyoi, nami nimekubali. Lakini mwaka jana, mlipojipanga uani kupiga picha mkiwa na masweta yangu kumi na saba, nilisimama pembeni na koti langu jembamba. Mtu mmoja akasema naharibu mpangilio wa rangi. Ndiyo maana picha niliipiga mimi. Ni picha nzuri. Mtu akiitazama hawezi kujua kwamba aliyeshika kamera alikuwa anatetemeka, isipokuwa pale kwenye kona ambapo imecheza kidogo.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walisema. Wa kwangu mimi ni sufu yenyewe, nao hauna kanda.

Kwa sababu hizo nimebadilisha uamuzi. Si kumi na nne, wala si tano. Nimefuta kioo. Mwaka huu nitafuma sifuri. Sifuri haina mikono ya kurefuka, haina tumbo la kuvuta ndani na haiwezi kuolewa. Watu wa ukoo huu watavaa vya dukani kama binadamu wengine. Nami nitarudi kwenye vichwa vya watu, nikianza na kuvuka barabara kumwomba radhi mwalimu mkuu. Naomba uamuzi huu uuheshimu, wala usimtume Shangazi.

Nisalimie Mama, Shemeji na watoto wote kwa urefu wao wa sasa. Msalimie Binamu na mchumba wake. Majirani wanaosikiliza barua hii nao wapokee salamu zangu, wasogee karibu wasiumie shingo.

Ni mimi mdogo wako mtiifu,
Kinyozi.

Tanbihi: Nilikuwa nabandika bahasha, akaingia mke wa fundi viatu kumleta mwanawe anyolewe. Ameniambia, tena kwa furaha, kwamba wiki iliyopita ulimpa orodha yote ya zawadi za sikukuu, kwa kuwa unanionea huruma, na kwamba atafuma kwa MASHINE. Dada, nimekukosea nini hapa, nisaidie kuelewa! Mashine inamaliza sweta kwa saa tatu, sawa. Je, inajua kwamba bega la kushoto la Mama limeshuka kuliko la kulia, na kwamba usipopunguza vitanzi vitatu upande ule sweta linamvuta shingo siku nzima, naye hasemi? Mnyang'anye orodha leo. Yote, pamoja na wacheza kikapu. Duka nimelifunga, na hili la Mama nimeshamaliza mgongo.