Mwekundu Wangu wa Uwani

Jamani, leo nimefedheheka mbele ya wakwe zangu. Naandika mbio mbio, kwa hiyo mkiona makosa ya kuandika mnisamehe.

Mnaonijua mnajua nnakaa Bububu, nyumba yenye uwa mdogo, ukuta mmoja na jirani yangu Bi Mwaka. Nyuma yetu kuna majani marefu, na msimu huu ndege wadogo wekundu wamejaa humo. Kweche. Dume mgongo wake mwekundu kama kaa la moto, tumbo jeusi. Basi nshawapenda. (Mume wangu Sleiman anasema nimepagawa.) Wiki tatu sasa, kila asubuhi namwaga mtama na chenga za mchele juu ya karo, pale ninapofulia nguo, naweka maji kwenye kifuu cha nazi, kisha nakaa mlangoni na simu nipate picha.

Siku nyingine huja hata watatu, lakini ni mmoja tu anayethubutu kusogea. Hutua ukutani, akanitazama, akaondoka zake. Leo nikasema lazima ashuke. Sleiman alipokwenda kazini nikakaa kimya, naye akaja. Nikaanza kumbembeleza kwa sauti ndogo.

"Njoo, mpenzi wangu. Njoo mwekundu wangu, usiogope. Nipo peke yangu. Chakula tayari."

(Ndiyo, nilisema yote hayo. Na zaidi.)

Upande wa pili wa ukuta Bi Mwaka alikuwa anakuna nazi. Kumbe aliacha kukuna, mie sina habari. Karibu saa nzima nnabembeleza, na kila ndege akitaka kuruka namwambia, "Usiende, bado mapema. Sleiman harudi mpaka alasiri."

Mwisho akainama, anataka kushuka. Nikainua simu. Mara mlango wa mbele ukagongwa kama unavunjwa, na ndege akapaa.

Nikaenda kufungua nimekasirika hasa. Mbele yangu mama mkwe, katoka Kikwajuni, buibui kalivaa upande. Nyuma yake Ami Hamadi, ami yake Sleiman, mzee ambaye sijawahi kumuona anacheka. Nyuma yao Sleiman mwenyewe, uso umemsawijika. Na Bi Mwaka, aliyewapigia simu wote hao.

"Shikamoo, mama."

Akachungulia ndani juu ya bega langu.

"Yuko wapi?" akauliza.

"Nani, mama?"

"Huyo mwekundu wako."

Mie kwa ujinga wangu nikadhani Sleiman kawahadithia habari za ndege. Nikajibu kwa masikitiko, "Karuka ukuta sasa hivi. Mmemtisha kwa kugonga."

Mama mkwe akakaa chini pale pale kizingitini. Ami akasema, "La ilaha illallah." Sleiman akaniuliza taratibu, "Huja mara ngapi?"

"Kila siku ukishaondoka. Siku nyingine huja watatu."

Nikamuona mume wangu anashika ukuta. Hapo ndipo nilipowatazama nyuso zao, moja moja, nikaelewa. Miaka sita ya ndoa ilikuwa inaondoka hivi hivi kwa sababu ya kiumbe kisichojaa kiganja.

"Ni ndege," nikasema. "Wallahi ni ndege."

"Ndege ndiye anayeambiwa mume harudi mpaka alasiri?" akauliza Bi Mwaka.

Nikawapeleka uwani. Nikawaonesha karo, mtama, kifuu. Mama mkwe akachukua simu yangu aone picha. Zote ukungu mwekundu mtupu; ingeweza kuwa shati la mtu. Ami Hamadi akatoa hukumu.

"Muite. Vile vile ulivyomuita."

Mbele ya ami, jamani. Wakajibanza wote wanne nyuma ya mlango. Nikafumba macho nikaanza, "Njoo, mpenzi wangu..."

"Sauti haikuwa hiyo," akasema Bi Mwaka. "Ilikuwa laini zaidi."

Nikalainisha. Nilipofika pale pa "tumbo lako linavyong'aa," nikasikia ami anakohoa.

Nikaita mpaka koo likakauka. Kisha akaja. Akatua ukutani, akatazama huku na huku, akashuka moja kwa moja mpaka kwenye karo, akaanza kula mtama. Wiki tatu nnangojea picha hiyo, na simu anayo mama mkwe.

"Subhanallah," akanong'ona. "Kweli mwekundu."

Sleiman akanisogelea. Nikadhani anakuja kuniomba radhi.

"Mie miaka sita," akasema, "hujaniambia chakula tayari kwa sauti hiyo."

Bi Mwaka kaondoka bila kuaga. Mama mkwe yumo uwani mpaka sasa hivi, kakalia kiti changu, na kaniambia nisipitepite nitamtishia ndege.

Nnakuombeni, anayetaka kucheka acheke kwao. Mie yamenitosha ya Ami Hamadi, maana wakati wa kutoka aliniita pembeni, akatazama chini, akasema, "Mwanangu, fuga kuku."