Vita vya Mapipa Mawili katika Ua wa Emama Yeshimebet

Njooni, enyi mlioketi, nanyi mliokwisha kusimama mkitafuta viatu, ketini tena, kwa maana habari hii ni nzito, na mwenye haraka na aende zake sasa asije akatukata katikati. Sitawasimulia wafalme waliovuka mito na majeshi yao. Hao wana waandishi wao na sanamu zao. Nitawasimulia Ato, yaani Bwana, Gashaw Tilahun wa mji wa Hawassa, mwalimu wa jiometri, mume wa Aynalem, mkwe wa Emama Yeshimebet, aliyeyapandisha maji kutoka pipa la chini hadi pipa la juu, nayo maji yakarudi. Na kwa kuwa mashujaa wa nchi hiyo zamani waliitwa kwa majina ya farasi wao, naye hakuwa na farasi ila pampu ndogo ya umeme iliyoenea kiganjani, sisi tutamwita Abba Pampu, yaani Baba wa Pampu.

Vita vilianza siku ya mwaka mpya, mwezi wa Meskerem, mvua zikiwa zimekatika. Ua ule ulikuwa wa Emama Yeshimebet, na nyumba ilikuwa yake, na katika kona yenye jua jema ulisimama mti wake wa gesho, ambao kwa majani yake alipika tella, pombe ya nyumbani, na kwa tella hiyo alisifika kutoka kanisa la Gabrieli hadi sokoni. Abba Pampu naye alikuwa amepiga hesabu za jua, kivuli na mteremko katika karatasi kumi na nne, na karatasi zote kumi na nne zikaafikiana juu ya kona ile. Akatwaa msumeno. Emama aliporudi kanisani alikuta kisiki.

"Mwalimu," akasema, maana kwa miaka kumi na moja hakuwahi kumwita jina jingine, "gesho yangu iko wapi?"

Abba Pampu akapanda juu ya kisiki, akautengeneza ukosi wa shati lake, akanena: "Emama, mti umelala ili nyumba hii isimame. Hapa chini litakaa pipa la samaki, na hapa juu pipa la kokoto lenye mboga. Samaki watayachafua maji, pampu itayapandisha, mboga zitakula uchafu ule, na maji yatashuka yakiwa safi. Hakuna jembe, hakuna udongo, hakuna mbolea. Ni duara kamili, Emama, na duara halina mwisho."

"Samaki," akasema Emama, akanyoosha kidole ng'ambo ya ukuta. "Ziwa si lile pale?"

Lilikuwa pale kweli. Kutoka langoni kwao ni mwendo wa dakika kumi, nalo lilijaa samaki tangu kabla jiometri haijavumbuliwa. Katika karatasi zote kumi na nne jambo hilo halikuwa limetajwa.

Ndipo Emama akaweka sharti, akalisema polepole ili majirani waliokuwa ukutani wasikie. Tarehe kumi na tisa ya mwezi wa Hidar ilikuwa zamu yake kukipokea chama cha Gabrieli, watu kumi na wawili wanaokutana kila mwezi nyumba kwa nyumba, wakila na kunywa kwa jina la malaika. Siku hiyo ingeangukia ndani ya mfungo, wakati hapaliwi nyama wala siagi, na mboga ndiyo hupewa heshima ya meza. "Siku hiyo," akasema, "kama mezani pangu hapana gomen iliyotoka kwenye mapipa yako, utayatoa mapipa, utang'oa kisiki, na utanipandia gesho nyingine, watu kumi na wawili wakikutazama."

Gomen ndiyo sukuma wiki ya huko, na siku zilizobaki zilikuwa sabini na nane. Abba Pampu akakubali mbele ya mashahidi, tena kwa hotuba.

Nisiwachoshe kwa vita vidogo. Yapo mapambano ya kokoto, yale mawe mekundu ya volkano aliyoyaosha siku tatu mpaka ua mzima ukageuka rangi. Ipo na ile asubuhi ya kwanza ya maji, alipochomeka waya, pampu ikaunguruma, maji yakapanda kwa fahari hadi juu, na pale yalipopaswa kuvutwa na bomba la kushushia yakakataa katakata, yakafurika ukingoni, yakauteka mkeka ambao Emama alikuwa ameanika pilipili yake ya mwaka mzima. Shujaa akasimama katikati ya gharika, pilipili zikimpita miguuni, akainua mkono aseme neno.

"Chomoa waya kwanza," akasema Aynalem mkewe kutoka mlangoni. "Hotuba baadaye."

Akachomoa. Bomba lilikuwa refu kupita kiasi kwa vidole viwili. Akalikata, akajaribu tena, akakata tena, na mara ya kumi na moja maji yalipofika juu yakapiga funda moja kubwa, yakashuka yote, pipa la chini likayapokea. Abba Pampu akaketi chini kwenye matope akalia kidogo, naye mkewe akajifanya anaokota pilipili.

Kisha akaja Dukamo, mvuvi wa ziwani, na samaki wanane wazima ndani ya dumu. Akawatia pipani mmoja mmoja, akitikisa kichwa.

"Ato Gashaw, nimeuza samaki miaka ishirini," akasema. "Wewe ndiye mtu wa kwanza kuniambia nisiwaue."

"Dukamo, wewe huvuna. Mimi naanzisha."

"Haya. Ukimaliza kuanzisha, mimi nipo ziwani."

Miche ya gomen ikapandwa kwenye kokoto, na ndipo mzingira wenyewe ulipoanza. Abba Pampu aliwapa samaki chakula kwa kipimo, ncha ya kijiko asubuhi, ncha ya kijiko jioni, maana alikuwa amesoma kwamba katika wiki za mwanzo maji bado ni machanga, na vile vidudu visivyoonekana vinavyogeuza uchafu kuwa chakula cha mboga bado ni vichache. Hata hivyo maji yakaanza kunuka uchachu. Yakawa na ukungu. Miche ikawa ya njano, ikasimama ilivyo, na samaki wakawa wanapanda juu wote wanane, midomo wazi. Akaishuku pampu, akaifungua na kuifunga. Akayashuku mawe. Akamshuku Dukamo. Siku thelathini na nane zilikuwa zimebaki, na kila Emama alipopita karibu na kisiki alikipima kwa macho.

Asubuhi moja ya Jumamosi akajificha nyuma ya shuka zilizoanikwa, kama jemadari anayelinda kivuko, apate kumjua adui yake. Adui akaja na sinia.

Alikuwa Emama. Alimega injera, ule mkate mwembamba mchachu, akaichovya kwenye shiro, mchuzi wa unga wa kunde, akaikunja tonge zuri, akainama juu ya pipa. "Kula, mwanangu," akasema kwa sauti ambayo Abba Pampu hakuwahi kuisikia. "Na wewe mwembamba, sogea. Mkubwa amekwisha kula mara mbili. Anawapimia kijiko kama wafungwa, maskini."

Hiyo ndiyo gursha, tonge ambalo mtu humtia mwenzake kinywani kwa mkono wake mwenyewe, na huko haipewi mtu hivihivi, hupewa anayependwa. Nami nitasema wazi alichohisi shujaa nyuma ya shuka, kwa maana waandishi wa wafalme huyaficha mambo haya: alihisi wivu. Miaka kumi na moja amekula sinia moja na mama huyu, na mkono ule haukuwahi kumfikia. Samaki wa Dukamo walikuwa na wiki mbili tu nyumbani.

Akatoka mafichoni. "Emama. Tangu lini?"

"Tangu walipofika," akasema, bila kushtuka. "Asubuhi, wakati wa kahawa, na jua likishuka. Na majirani wakija kahawani kila mtu huwapa chake. Ulitaka wageni wangu waonekane wachoyo?"

"Emama, mnawaua."

Mkono ukasimama hewani na tonge lake. "Mimi? Watazame wanavyofungua midomo. Si wananiomba?"

"Hawaombi. Chakula kimeoza chini, maji yamechafuka. Wanatafuta pumzi."

Emama akawatazama samaki wale wanane. Kisha akaketi juu ya kisiki cha gesho yake, sinia mapajani. "Nilidhani wananishukuru," akasema.

Wakati ule Abba Pampu alikuwa na hotuba tayari, ya sehemu tatu, na haki yote ilikuwa upande wake. Akaimeza. Na hili, enyi wasikilizaji, lilikuwa tendo gumu kuliko gharika na kokoto.

"Mkono ukikuwasha kulisha," akasema, "nilishe mimi. Mimi siishi majini."

Emama akamwangalia kutoka chini hadi juu, akatafuta mzaha usoni mwake, asiuone. Akamtia lile tonge kinywani. Lilikuwa kubwa, na shiro ilimfika kidevuni.

Siku ile ile wakayachota maji nusu pipa kwa ndoo, Abba Pampu, Aynalem na mama yao, wakatoa na injera iliyolala chini, wakatia maji mapya yaliyokuwa yamekaa juani siku mbili. Na tangu hapo kila saa ya samaki ikawa saa ya mkwe. Asubuhi alilishwa, kahawani alilishwa, jua likishuka alilishwa, na majirani nao wakamlisha, ili wasiwe wachoyo. Suruali zake mbili zikamkataa. Lakini samaki wakashuka chini wakatulia, ukungu ukaondoka, na wiki ya pili miche ikabadilika rangi kuanzia katikati, kijani kikasambaa kwenye majani yote. Emama ndiye aliyeona kwanza. Alikwenda kumwamsha mkwewe usingizini mchana, akamwambia tu, "Njoo utazame."

Tarehe kumi na tisa ya Hidar wakakusanyika watu kumi na wawili. Majani yaliyovunwa yalikuwa arobaini na moja, na kwa tabia ya gomen yalipopikwa yakanywea, yakaenea kisahani cha kahawa. Kisahani kikawekwa katikati ya injera, kati ya dengu na shiro, na wote wakakitazama, kwa kuwa sharti lile lilijulikana mtaa mzima. Abba Pampu alisimama ukutani.

"Ni kidogo," akasema Ato Zeleke, mkubwa wa chama.

"Sikusema iwe nyingi," akajibu Emama. "Nilisema iwepo mezani. Ipo au haipo?"

Ato Zeleke akachota kwa ncha za vidole, akatafuna. "Ipo," akasema. "Na ni nzuri. Na gesho je?"

"Gesho nitanunua sokoni. Kona ile ni ya Gashaw."

Basi iandikwe, na wanaoweka kumbukumbu za miji wasijifanye hawakusikia, kwamba siku ile ua haukupata mtawala mpya, ila kona moja, upana wake hatua tatu, ilibadili mwenyewe bila damu kumwagika, na Abba Pampu kwa mara ya kwanza aliitwa na Emama kwa jina lake, tena mbele za watu. Aynalem anasema alibaki ameegemea ukuta akitabasamu mpaka tella ikaisha.

"Na samaki wenyewe?" akauliza Ato Zeleke. "Hao nao tutawala lini?"

"Watakomaa kabla ya mfungo mkubwa," akaanza Abba Pampu, akipanua kifua. "Kwa hesabu zangu, kila mmoja atakuwa na uzito wa..."

"Hawaliwi," akasema Emama.

"Emama, nimewafuga waliwe. Ndiyo maana ya pipa la chini."

"Wewe umewahi kuona mtu akimla aliyemlisha kwa mkono wake?"

Chama kizima kikamgeukia shujaa kusikia atajibu nini. Abba Pampu, aliyelishwa na mkono huo wiki tano mfululizo na kunenepa vizuri, akaona hukumu ile inamfaa na yeye pia, akaikubali bila hotuba.