Hotuba ya Kuzindua Bwawa la Kijito cha Kithangathini

Mheshimiwa mwakilishi wa yule mwakilishi aliyeshindwa kufika, Bwana Chifu na Naibu wako, Mchungaji na Katekista, ambao leo mmekubali kukaa benchi moja, Mwenyekiti wa Chama cha Wenye Nyumba za Awamu ya Pili, ambao mabomba yenu ya maji machafu yanaishia hapa na kwa hivyo ninyi ni wadau wakuu wa kijito hiki, kina mama wa mwethya, kikundi chetu cha kusaidiana kazi kwa zamu, mkiongozwa na mwaitu, yaani mama yetu, Nthambi, vijana, niaje, wenye punda wa kubeba maji, pamoja na punda wenyewe, itifaki ikiwa imezingatiwa, na pale iliposahaulika ikiwa imezingatiwa pia: hamjambo, mwi aseo? (Umati: Tui aseo.)

Kwa wale wageni, mimi ni Rodgers Maundu, Mratibu Mkuu wa Muda, sasa ni mwaka wa sita, wa Mpango Jumuishi wa Kufufua Vijito vya Kando ya Mji. Niko na furaha isiyopimika, ingawa tumejaribu kuipima, kusimama kwenye ukingo wa Kithangathini, kijito kinachoanzia huko nyuma ya vilima vya Lukenya, kikapita katikati ya machimbo ya mawe, kikazunguka mtaa wa Awamu ya Pili, halafu kikaingia Mto Athi kikiwa kimechoka. Kina urefu wa kilomita kumi na moja nukta nne, na hiyo tumeipima kisayansi kwa kufuata barabara ya lami, maana gari la ofisi haliwezi kupita kijitoni. (Makofi machache.)

Kiekolojia, ndugu zangu, hali ni nzuri kupita kiasi. Baseline survey yetu, ule uchunguzi wa awali, imeorodhesha aina arobaini na tatu za ndege, kuku wakiwemo. Mikuyu mitatu iliyokuwepo nilipoingia ofisini bado iko, kasoro miwili. Vyura wanasikika. Na kuhusu samaki, ninasema kwa fahari kwamba katika uongozi wangu idadi ya samaki wa kijito hiki haijapungua hata mmoja, kwa sababu hawakuwepo. (Mzee mmoja anacheka, anakohoa ili ionekane alikuwa anakohoa.)

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Kama mnavyojua kuliko mimi, Kithangathini hakionyeshi maji juu ila wiki chache za mvua. Miezi iliyobaki maji yako chini ya mchanga, na mama anachimba shimo, anasubiri yajikusanye, anateka kwa kata, anajaza mtungi. Shimo mnaloliona hapa chini lilichimbwa na mwethya wa mwaitu Nthambi, na takwimu zinasema familia sitini na nne hulitegemea mpaka mvua ya Novemba. Ni shimo zuri. Ila ofisi yangu ilitazama hali hii kwa jicho la kitaalamu ikagundua tatizo: kijito kimejaa mchanga. Wataalamu tunauita mashapo. Mashapo ni mzigo, na kijito chochote kilicholemewa kina haki ya kupunguziwa. Ndiyo maana kwa miezi minane sasa malori yamekuwa yakipunguza mashapo hayo usiku na mchana na kuyapeleka Syokimau, ambako kwa bahati nzuri yanahitajika kwa ujenzi. Tumefikia asilimia mia tatu na kumi na mbili ya lengo. (Punda mmoja analia.)

Najua wako waliolalamika. Jumanne mwaitu Nthambi alikuja ofisini na wenzake watatu, wakangoja tangu saa mbili asubuhi hadi saa tisa, nami nikawapokea kwa heshima zote, nimesimama, kwa sababu nilikuwa natoka. Alisema shimo lake zamani lilikuwa linafika kiunoni, siku hizi yeye anazama humo mzima na hapati mtungi mmoja kwa saa nzima. Halafu akaniuliza swali ambalo nililiandika kwenye faili: "Mheshimiwa, hii mchanga mkiimaliza, maji itakaa wapi?"

Ni swali zuri. Ni swali la stakeholder aliyehamasishwa. Jibu lake ni bwawa la mchanga, ambalo ndilo tunalizindua leo: ukuta wa zege wa mita ishirini na mbili kukata kijito, mchanga ujae nyuma yake, maji yajifiche humo, matete yarudi, mikuyu irudi, kina mama wateke bila kuinama sana. (Makofi. Mama mmoja anapiga kigelegele, anatazama kijitoni, ananyamaza.)

Naona mnatazama huku na huku mkitafuta ukuta. Msisumbue shingo. Mradi wa kisasa unazinduliwa kwanza. Mhandisi wetu ameniambia, na nimeridhika na maelezo yake, kwamba ujenzi haujaanza na hauwezi kuanza kwa sababu moja tu ya kiufundi, kwamba hapa hakuna mchanga wa kutosha.

Basi tuseme pamoja. Kithangathini! (Sauti moja: Juu.) Maji! (Hakuna.) Bwawa! (Punda.)

Nimalizie kwa shukrani. Nawashukuru wenye malori sita waliotuletea hema na viti, na ambao kwa sababu za kiuchumi hawawezi kurudi tupu. Zaidi ya yote namshukuru mwaitu Nthambi na mwethya wake kwa kutuazima shimo lao tulikatie utepe na kulipiga picha, maana pasingekuwa na kitu kingine cha kupiga. Sasa, mwaitu, toa kata yako humo, malori yanataka kurudi nyuma yapakie hapo. Asanteni sana, muvea muno.

(Nthambi anasimama. Anabeba kiti chake, anashuka kijitoni, anakiweka kando ya shimo mbele ya lori la kwanza, anakaa. Mwethya wote wanabeba vyao na kumfuata. Dereva anazima injini.)

Naam. Naona mmesogea karibu ili msikie vizuri. Basi nitarudia kuanzia ukurasa wa kwanza.