Madawati Arobaini ya Ziada

Jumatatu, 3 Machi
Bajeti ya shule za jiji imebandikwa ubaoni, ofisi ya elimu. Nimeisoma nimesimama. Zulia la ukumbi wao wa mikutano limezidi fungu la chaki la shule zote. Semina ya kubana matumizi: siku tano, hotelini. Ukarabati wa shule yangu: sifuri. Shule ya jirani, ng'ambo ya ukuta: paa jipya. Mkuu mwenzangu wa huko tunamwita Tai, maana hata akinyolewa haivui tai yake. Nimerudi damu inachemka.

Jumanne, 4 Machi
Karani wa ofisi ya elimu kaninong'oneza: mkaguzi anapita Alhamisi. Kuna fungu la dharura kwa shule yenye hali mbaya kuliko zote. Hali mbaya? Ataiona.

Jumatano, 5 Machi
Tumehamishia stoo madawati arobaini ya darasa la nne. Mwalimu wa darasa hilo ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Kauliza watoto wataandikia wapi. Nimemwambia magotini, siku moja tu.
"Shemeji," akasema, "siku moja zako nazijua."
Haoni mbali, huyu.

Alhamisi, 6 Machi
Mkaguzi kaja. Watoto sakafuni, kimya, wanaandika. Machozi yamenitoka, na ya kweli. Mkaguzi naye kaguswa. Kaandika kwamba nidhamu ya hapa ni ya mfano na kwamba darasa la nne linasoma vizuri bila madawati. Kisha akataka kuona stoo. Nikasema ufunguo umepotea. Shemeji akautoa mkobani.

Ijumaa, 7 Machi
Barua imefika. "Madawati arobaini ya ziada" yapelekwe kwenye upungufu. Saa nne lori likaja, likapakia, likazunguka ukuta, likashusha kwa Tai. Lori zima, dereva na wapakizi sita, kwa mwendo wa hatua mia mbili. Halafu wanasema fedha za chaki hakuna. Tai kanitumia salamu za shukrani. Binti mmoja wa la nne kanifuata mlangoni kuuliza ile siku moja inaisha lini. Nimemwambia arudi darasani.

Jumatatu, 10 Machi
Utaratibu mpya: fedha zitagawanywa kwa idadi ya wanafunzi. Kwa Tai wanahesabu kesho, kwangu Jumatano. Basi nimemeza hasira, nimeenda kumwomba aniazime wanafunzi wa madarasa mawili hiyo Jumatano. Nilijua atanifukuza. Kakubali kabla sijamaliza kusema, mradi kesho nimtangulizie wangu, wote. Na kwa kuwa wanaohesabu wanapenda karatasi, fomu za uhamisho keshazijaza mwenyewe, majina yote, ili nisisumbuke.
Nimetia sahihi zote mia tatu na kumi na mbili, shule yangu nzima. Mkono unauma. Kumbe ni mtu muungwana, tulikuwa hatuelewani tu.