Malalamiko Kuhusu Mita Zinazopona Zikifika Gereji

Ndugu Mkuu wa Gereji,

Baada ya salamu, pole na kazi. Mimi ni yule mwalimu wa udereva mwenye gari dogo jeupe lenye herufi L mbele na nyuma, ambalo mwezi huu limeletwa kwako mara tano na kurudishwa mara tano likiwa halina tatizo. Naandika kukupongeza. Lawama zifuatazo zichukuliwe kuwa sehemu ya pongezi hizo.

1. Mita za gari langu huzimika. Sisemi zimeharibika, maana kitu kilichoharibika huwa na msimamo. Hizi huzimika zinapojisikia: mshale wa mwendo unalala kwenye sifuri, wa mafuta unaufuata, taa zote zinakufa, na muda si mrefu zinaamka kana kwamba zilitoka kidogo kunywa maji. Gari lenyewe linaendelea kukimbia. Ni mita tu ndizo hazina habari.

2. Zikivuka geti lako, zinapona. Zinawaka zote, adabu tupu, kama mtoto mtundu aliyeona mgeni. Fundi Umeme wako anawasha gari, anasikiliza, anazima, anawasha tena, kisha anaandika kwenye kadi ya kazi, "Tatizo halikuonekana." Ninazo kadi tano za namna hiyo. Kwenye ya tano ameongeza neno "tena."

3. Nisimsingizie, hakukaa bure. Mara ya kwanza alibadilisha fyuzi iliyokuwa nzima. Mara ya pili alisafisha vichwa vya betri. Mara ya tatu aling'oa dashibodi, akachomoa soketi ya nyuma ya mita, akaipuliza, akarudisha kila kitu isipokuwa skrubu mbili, ambazo alinikabidhi kwenye bahasha kwa heshima zote. Mara ya nne hakulitazama gari, alinitazama mimi. Akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, nyumbani lakini kuko salama?"

4. Dawa nimeigundua mwenyewe. Kwa miaka ishirini na miwili nimefundisha kwa kofi la dashibodi. Mwanafunzi akiachia klachi vibaya, naipiga dashibodi paa! na somo linaingia. Mtu sijawahi kumgusa. Sasa kofi hilohilo ndilo linalozifufua mita: moja, mbili, la tatu zinawaka. Mimi nisiye na hata spana nalitibu gari, na mwenye kabati zima la spana anaandika kadi. Naomba uamue nani kati yetu anastahili kuvaa ovaroli.

5. Hapa naacha utani. Nina mwanafunzi ambaye ni mkunga wa zahanati, mama mtu mzima, mtulivu, anayeshika usukani kama anayempokea mtoto. Zahanati yao ina gari la wagonjwa lakini dereva wao aliacha kazi. Mwezi uliopita mama mmoja alijifungulia kando ya barabara huku gari hilo limeegeshwa, limejaa mafuta, na hakuna wa kuliendesha. Mama na mtoto walinusurika, lakini mkunga hawezi kusimulia jambo hilo bila kushika kifua. Akaamua kutafuta leseni mwenyewe. Siku ya mtihani, mita zikazimika. Mtahini akamuuliza wanakwenda kwa mwendo gani, naye, mtu wa kweli, akasoma kilichoandikwa: "Sifuri, mzee." Miti ilikuwa inapita dirishani. Akafelishwa. Mtihani wa marudio ni Alhamisi, na mimi, Mkuu, nimeshikwa na hasira ambayo haitoshi kwenye barua.

6. Lakini tukubali kuwa gereji yako haikosei na mita ni nzima. Basi zinachosema ni kweli, na zikisema sifuri, gari limesimama. Kwa hiyo mkunga alijibu sahihi. Vilevile, yule mwanafunzi wangu mwingine hakuuparuza ukuta wa posta wiki jana, bali ukuta ndio uliomjia. Naomba gereji iuandikie ukuta barua ya onyo.

7. Kwa kuwa mita hupona zikiwa kwako tu, naomba Fundi Umeme ahamie kiti cha nyuma cha gari langu, na godoro lake, hadi Alhamisi jioni. Hilo likishindikana, nipewe kibao cha gereji nikining'inize kwenye kioo, ili mita zidhani ziko kwako. Na hilo nalo likishindikana, mwachishe kazi Fundi Umeme, na kofi langu lipewe nafasi yake.

Nisalimie dada wa mapokezi, Fundi Rangi, mlinzi wa geti ambaye siku hizi ananiita shemeji, na paka wenu anayelala juu ya injini zilizopoa. Fundi Umeme naye msalimie, kwa maandishi, ili apate cha kujaza kwenye kadi.

Ni mimi, niendaye bila kujua mwendo,
Mwalimu wa Udereva

Nyongeza: Barua hii ilikuwa bado mfukoni mwangu Jumatano, mkunga aliponifungulia daftari lake. Kazini huandika saa ambazo uchungu wa mzazi umekuja na kuondoka, na kumbe ndivyo alivyokuwa anaziandika mita zangu. Zimezimika mara kumi na moja mbele yake, na mara zote kumi na moja kilichotangulia ni kofi langu. Hata siku ya mtihani nilikuwa kiti cha nyuma, nikapenyeza mkono katikati ya viti. Kofi la kwanza linailegeza soketi, yanayofuata yanairudisha, nami najisifu. Gerejini hakuna anayekosea klachi, kwa hiyo hakuna kofi. Fundi Umeme asiguswe. Tulimpelekea daftari, akakuta kishikio cha soketi kimevunjika, akakitengeneza ndani ya nusu saa.

Alhamisi mkunga aliniomba nibaki kwenye benchi. Nilibaki, mikono nimeikalia. Amefaulu. Leo asubuhi amenipita na gari la zahanati, kuna mama mjamzito ndani. Hakunipungia, mikono yake yote miwili ilikuwa kwenye usukani.